Gari la kujiundia

Gari la kujiundia ni gari ambalo kiwanda huliuza likiwa vipande, na mnunuzi mwenyewe huviunganisha nyumbani au gereji mpaka liweze kutembea. Mengi ya magari haya ni magari madogo ya michezo: yana viti viwili, hayana paa, na ni mepesi sana. Tangu miaka ya 1950, hasa nchini Uingereza, yamekuwa njia ya kuingilia mbio za magari kwa watu wenye kipato cha kawaida ambao hawadhaminiwi na timu yoyote.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hujua mbio za magari kupitia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ambamo magari hupita barabara za vumbi na matope na kila dereva hushindana na saa. Mbio zinazoelezwa hapa ni za uwanjani: magari ishirini au thelathini huanza kwa pamoja, huzunguka njia ileile ya lami, na anayetangulia kumaliza ndiye mshindi. Makala hii inafuata zaidi ukoo mmoja wa magari, yaani Lotus Seven na warithi wake, kwa sababu ndio uliowafikisha uwanjani madereva wengi wapya na ndio ulioigwa sana katika nchi nyingine.

Tofauti na magari yanayounganishwa viwandani

Nchini Kenya kuna viwanda vya Thika, Mombasa na Nairobi ambavyo huunganisha malori, mabasi na magari mengine kutokana na vipande vilivyoletwa kwa meli. Hapo kodi ni sababu mojawapo kubwa, kwa kuwa gari lililoagizwa katika vipande halitozwi sawa na lililoagizwa kamili. Kama itakavyoonekana, kodi ndiyo iliyozaa pia gari la kujiundia.

Ila kiwandani kazi hufanywa na mafundi walioajiriwa, kila mmoja na sehemu yake, na mnunuzi hupewa gari likiwa tayari. Gari la kujiundia huunganishwa na mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mwalimu, karani au daktari ambaye hajawahi kushusha injini maishani mwake. Mtu aliyekaza bolti za breki ndiye huyohuyo atakayekanyaga pedali ya breki akiwa katika mwendo wa kilomita 150 kwa saa, huku gari lingine likimfuata kwa umbali wa mita mbili.

Historia

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na viwanja vingi vya ndege vya kijeshi visivyotumika tena, na vijana wengi waliojifunza ufundi jeshini. Silverstone, Snetterton, Goodwood na Thruxton, ambavyo leo ni viwanja maarufu vya mbio, vyote vilikuwa viwanja vya ndege. Kilichopungua ni magari na pesa. Lakini kulikuwa na gari dogo la bei nafuu, Austin 7, lililotengenezwa tangu miaka ya 1920 hadi 1939, ambalo mizoga yake ilipatikana kila mahali. Chama cha 750 Motor Club, kilichoanzishwa mwaka 1939 na wapenzi wa gari hilo, kilipata jina lake kutokana na ukubwa wa injini yake, na baada ya vita kikaweka kanuni za mbio kwa magari yaliyoundwa kutokana na vipande vya Austin 7.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Colin Chapman (1928–1982), mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1948 aliunda gari lake la kwanza kutokana na Austin 7 kuukuu, akifanya kazi katika gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Mwaka 1952 alianzisha kampuni ya Lotus katika mabanda ya zamani ya farasi huko Hornsey, kaskazini mwa London. Gari lake la sita, Mark VI, liliuzwa zaidi kama fremu na vipande. Mnunuzi alitafuta mwenyewe injini na giaboksi, kwa kawaida kutoka kwa gari la Ford lililochoka.

Mwaka 1957 ilifuata Lotus Seven. Lilikuwa gari lisilo na anasa yoyote: fremu ya mabomba ya chuma, mabati ya alumini yaliyopigwa ribiti juu yake, viti viwili, na injini ya Ford ya cc 1172 yenye nguvu farasi zipatazo 40. Lilikusudiwa kutumika barabarani siku za kazi na uwanjani mwisho wa juma. Mmiliki aliweza kuliendesha hadi uwanjani, akang'oa taa na kioo cha mbele, akashindana, kisha akavirudisha na kwenda nyumbani.

Uingereza wakati huo ilitoza kodi ya manunuzi juu ya magari mapya yaliyokamilika, lakini si juu ya vipande. Lotus Seven kamili liliuzwa kwa pauni 1,036 pamoja na kodi. Likiwa vipande, kwa pauni 536. Kwa kijana mwenye mshahara mdogo, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama atashindana au atabaki mtazamaji. Husimuliwa kwamba kanuni za kodi zilikataza kuambatanisha maelekezo ya kuunganisha gari, lakini hazikusema lolote kuhusu maelekezo ya kulibomoa. Kwa hiyo mnunuzi alipewa maelekezo ya kubomoa, akayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Baadhi ya walioanzia hapo walifika mbali. Derek Bell alianza mbio mwaka 1964 akiwa na Lotus Seven huko Goodwood. Baadaye alishinda Saa 24 za Le Mans mara tano. Kampuni yenyewe ilitoka kwenye mabanda ya farasi na kushinda ubingwa wa watengenezaji wa Formula One mara saba kati ya 1963 na 1978.

Mwaka 1973 Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, na kodi ya manunuzi ikabadilishwa na kodi ya ongezeko la thamani. Faida ya kununua vipande ikaisha ghafla. Lotus, iliyokuwa ikitaka kuuza magari ya bei kubwa zaidi, iliachana na Seven, na haki za kulitengeneza zikachukuliwa na Graham Nearn, mwenye kampuni ya Caterham Cars iliyokuwa ikiliuza katika mji wa Caterham, kusini mwa London. Caterham hulitengeneza hadi leo, na bado huliuza likiwa vipande kwa anayetaka. Kodi si sababu tena. Watu huliunda kwa sababu hupunguza gharama kiasi, lakini zaidi kwa sababu wanataka kuliunda.

Kwa nini gari jepesi

Gari la Caterham linalotumiwa na madereva wapya kwa miaka mingi lilikuwa na injini ya Ford ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 125. Hiyo si nguvu ya kutisha. Magari mengi ya familia yanayo. Lakini gari zima, likiwa na kizimba chake cha usalama, lina uzito wa kilo 550 hivi. Hivyo kila nguvu farasi moja hubeba kilo 4.4 tu. Katika gari dogo la familia lenye nguvu farasi 110 na kilo 1,200, kila nguvu farasi hubeba karibu kilo 11.

Faida haiishii kwenye kuchomoka kwa kasi. Gari linapofunga breki, nishati yote ya mwendo hugeuka joto katika diski na padi. Uzito ukipungua nusu, joto nalo hupungua nusu, na breki za kawaida zinatosha. Kwenye kona, matairi husukumwa pembeni na uzito mdogo zaidi, hivyo huchakaa polepole. Mafuta yanayotumika ni machache. Kwa mtu anayelipa kila kitu kutoka mfukoni mwake, wepesi ni akiba.

Wepesi huo hutokana na fremu. Badala ya mbao mbili nene za chuma chini ya gari, kama kwenye lori, kuna mabomba membamba mengi yaliyochomelewa kwa pembetatu. Anayetaka kuelewa atazame kenchi za paa la nyumba: mbao nyembamba, zikipangwa kwa pembetatu, hubeba mabati yote na upepo juu yake, kwa sababu pembetatu haiwezi kupinda bila upande wake mmoja kukatika au kurefuka. Umbo la mraba huegemea upande likisukumwa, pembetatu haiegemei. Fremu ya Seven ni kenchi iliyolazwa chini na kuwekewa magurudumu.

Ubaya nao upo. Umbo la gari hili hukata upepo vibaya, kwa kuwa magurudumu ya mbele na taa vimesimama nje, na mwendo ukizidi kilomita 160 kwa saa upepo hula nguvu nyingi. Mvua humwagikia dereva. Tumbo la gari liko sentimita chache tu juu ya ardhi, na tuta moja la barabarani linaweza kukwangua sinia ya oili.

Uundaji

Vipande hufika katika masanduku mengi: fremu ikiwa tayari imechomelewa na kuvishwa mabati, injini na giaboksi, difu, springi na shokapu, breki, redieta, tangi la mafuta, nyaya, viti, taa, na mifuko midogo ya bolti, nati na bushi. Hakuna kazi ya kuchomelea. Zana zinazohitajika ni za gereji ya kawaida: spana, bisibisi, jeki na stendi, mashine ya kupigia ribiti, winchi ya kuinulia injini, na spana maalumu inayopima nguvu ya kukaza. Mtu asiye fundi huhitaji takriban saa mia moja, ambazo kwa mwenye kazi na familia huwa jioni na Jumamosi za miezi mitatu au minne.

Kazi huanza kwa kuhesabu. Kila kipande hulinganishwa na orodha, kwa sababu kukosekana kwa bolti moja kunaweza kusimamisha kazi kwa wiki nzima. Kisha fremu huwekwa juu ya stendi katika kimo cha kiuno, na kazi hufuata utaratibu ambao hauruhusu haraka: raki ya usukani na mikono ya mbele, mabomba ya breki na ya mafuta, injini na giaboksi, difu na propela, ekseli ya nyuma, redieta, nyaya, mwishoni viti, mikanda na mabati ya nje. Katika magari mengine difu ni mzigo wa shida kuliko injini, kwani huingizwa katika nafasi finyu na kusawazishwa kwa washa nyembamba mpaka ikae katikati kabisa, na mwundaji wa kwanza huweza kumaliza siku nzima akiiingiza na kuitoa.

Injini na giaboksi huunganishwa nje, kisha huteremshwa pamoja kwa winchi, pua ikiwa juu na mkia chini. Hapa wawili wanahitajika, mmoja wa kushusha na mwingine wa kuongoza, kwa sababu nafasi inayobaki kati ya injini na mabomba ya fremu ni ya upana wa kidole tu. Watu wengi hukwaruza rangi ya fremu katika hatua hii. Si kosa kubwa, mradi irudishiwe rangi kabla ya kutu.

Jambo linalotenganisha kazi nzuri na mbaya ni ukazaji. Mkono wa binadamu hudanganya: asubuhi ukiwa na nguvu unakaza kupita kiasi, usiku ukiwa umechoka unakaza pungufu. Bolti iliyokazwa pungufu hulegea kwa mtetemo. Iliyokazwa kupita kiasi huvutika na siku moja hukatika bila onyo. Ndiyo maana kila bolti ya usukani, breki na magurudumu ina kipimo chake kilichoandikwa, na spana ya kupimia hutoa mlio kipimo kikifikiwa. Mafundi wa mbio huongeza desturi moja: bolti ikishakazwa kwa kipimo, huchorwa mstari wa rangi unaovuka kichwa chake na chuma kilicho jirani. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari huvunjika na jicho huona mara moja. Pia nati zenye pete ya plastiki ndani, zinazozuia kulegea, hazirudiwi mara nyingi. Zikifunguliwa hutupwa na kuwekwa mpya.

Breki zikishafungwa, lazima zitolewe hewa. Mafuta ya breki hayabonyei, hewa hubonyea; kiputo kimoja katika bomba hufanya pedali izame hadi sakafuni bila gari kusimama. Msaidizi hukanyaga pedali huku mwundaji akifungua na kufunga skurubu ya kila gurudumu, akianza na lililo mbali zaidi na pampu, mpaka yatoke mafuta yasiyo na mapovu.

Mwisho, gari hupelekwa kupimwa alaimenti na uzito wa kila gurudumu. Mizani minne huwekwa chini ya matairi, dereva hukaa kitini (au mifuko ya mchanga yenye uzito wake), na springi hurekebishwa mpaka jumla ya uzito wa gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia ikaribiane na jumla ya mawili mengine. Gari ambalo halikusawazishwa hivyo hugeuka vizuri kushoto na vibaya kulia, na dereva mgeni hudhani kosa ni lake.

Ukaguzi

Ili litembee barabarani Uingereza, gari la kujiundia hukaguliwa na serikali gari moja moja, kwa utaratibu ulioanza mwaka 1998 na kubadilishwa na mwingine mkali zaidi mwaka 2009. Mkaguzi hupima breki, moshi, kelele, usahihi wa kipimamwendo, vioo, taa na mikanda. Hupitisha pia kipimo juu ya kila kinachojitokeza, nje na ndani, kuona kama kina ncha kali inayoweza kumkata mtembea kwa miguu au abiria. Waundaji wengi hushindwa mara ya kwanza kwa sababu ya mambo madogo kama ncha ya bolti isiyofunikwa. Gari lililoundwa kwa vipande vya zamani ambavyo umri wake haujulikani hupewa namba inayoanza na herufi Q.

Gari la mbio tu, linalobebwa kwa trela, halihitaji kibali hicho. Hata hivyo kila siku ya mbio hukaguliwa na wakaguzi wa mchezo: mikanda, kizimba, taa ya nyuma ya mvua, mtungi wa kuzimia moto, na swichi kuu ya umeme ambayo lazima iweze kuzimwa na mtu aliye nje ya gari. Swichi hiyo huwekewa alama ya radi nyekundu katika pembetatu ya buluu, ili mwokoaji aione hata katika moshi.

Kuanza mbio

Leseni hutolewa na Motorsport UK, chama kinachosimamia mchezo huo nchini. Mwombaji hufanya mtihani katika shule ya udereva wa mbio: sehemu moja ni ya kuendesha akiwa na mwalimu, nyingine ni ya maandishi. Mwalimu hatafuti kasi. Hutafuta mtu anayerudia mstari uleule wa kona kila mzunguko na anayetazama vioo. Katika maandishi, maswali ya bendera hayaruhusu kosa hata moja. Ya njano humaanisha kuna hatari mbele na hairuhusiwi kupita gari lingine. Ya buluu, gari lenye kasi zaidi linakufuata. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Ya mistari myekundu na ya njano, njia inateleza. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, gari lako lina hitilafu na urudi mara moja. Wanaopunga bendera hizo kwenye kila kona ni watu wa kujitolea.

Anayeanza hubandika nyuma ya gari alama ya msalaba mweusi kwenye mraba wa njano, ili wanaomfuata wajue kwamba anaweza kufanya lisilotarajiwa. Huivua baada ya kumaliza mbio za kutosha bila lawama na kupata saini za wasimamizi.

Kwa wasiowahi kushindana kabisa, Caterham ilianzisha mwaka 1995 mashindano ambayo leo huitwa Caterham Academy. Aliyewahi kuwa na leseni ya mbio haruhusiwi. Magari yote ni ya aina moja, matairi ni yaleyale, na injini hupigwa lakiri ili mtu asiifungue na kuiongezea nguvu. Mshiriki anaweza kuliunda gari mwenyewe au kulipa ziada liundwe kiwandani. Kwa miaka mingi msimu ulianza na majaribio ya peke yake dhidi ya saa, kisha mbio za pamoja katika viwanja kama Brands Hatch na Snetterton. Mwaka unaofuata kundi zima hupanda daraja pamoja, na gari lilelile huboreshwa kidogo.

Usawa huo wa magari ndio roho ya jambo lenyewe. Katika madaraja mengi ya mbio, mwenye pesa hununua sekunde. Hapa akishindwa hana pa kusingizia, na akishinda hakuna wa kumtilia shaka. Kwa kuwa magari yana kasi sawa, hukimbia yakiwa yameshikana kama shanga: gari la nyuma hufaidi kivuli cha upepo cha lililo mbele, huongeza mwendo kwenye mstari ulionyooka, na hupita kabla ya kona, kisha hupitwa tena kwa namna hiyohiyo. Uongozi huweza kubadilika mara kadhaa katika mzunguko mmoja.

Walioliunda gari lao hupata faida isiyoonekana katika matokeo. Dereva akisikia mlio mpya upande wa nyuma kulia, anajua kuna nini pale, kwa sababu alikiweka mwenyewe. Gari likigongwa Jumamosi asubuhi, anajua bolti zipi za kufungua ili mkono uliopinda ubadilishwe kabla ya mbio za mchana. Aliyelipia gari lililokamilika husimama kando akisubiri fundi.

Usalama

Hatari ni ya kweli, na viwanja vya Uingereza huandika onyo hilo kwenye tiketi za watazamaji. Katika gari lisilo na paa, kinachomlinda dereva ni kizimba cha mabomba ya chuma kinachomzunguka, mkanda wenye ncha sita, helmeti, ovaroli na glavu zisizoshika moto, na kifaa kinachofunga helmeti kwenye mabega. Kifaa hicho kilibuniwa miaka ya 1980 na Robert Hubbard, profesa wa Marekani aliyechunguza majeraha ya mwili. Alieleza tatizo lililokuwa likiua madereva ambao miili yao haikuwa na jeraha jingine: gari likigonga ukuta, mkanda huzuia kifua lakini kichwa chenye helmeti huendelea mbele, na mifupa inayoshikilia fuvu na shingo huvunjika. Formula One ililazimisha kifaa hicho mwaka 2003, na sasa hutumika hadi kwa wanaoanza.

Wepesi wa gari husaidia breki lakini haumsaidii dereva anapogongana na kitu kizito. Gari la kilo 550 likigongana na la kilo 1,200, jepesi ndilo hurushwa. Hii ni sababu mojawapo ya kushindanisha magari ya aina moja peke yake.

Gharama na njia ya bei nafuu

Mbio ni ghali hata zikiitwa za bei nafuu. Bei ya gari ni mwanzo tu. Hufuata ada ya kila shindano, matairi, mafuta, padi za breki, trela na gari la kulivuta, mavazi na malazi. Bima ya kawaida ya barabarani hailipi kitu kilichoharibika mbioni, hivyo dereva hujiandaa kwa pesa na kwa moyo kwamba gari alilolitengeneza kwa miezi minne linaweza kuharibika katika kona ya kwanza ya mbio za kwanza. Mshiriki wa Academy hutumia makumi ya maelfu ya pauni.

Wasioweza hayo walipata njia nyingine mwaka 1996, Ron Champion alipochapisha kitabu kinachoeleza jinsi ya kuunda gari la michezo kwa pauni 250 tu. Humo fremu hainunuliwi. Mwundaji hununua vyuma vya mraba, huvikata na kuvichomelea mwenyewe kwa kufuata michoro, kisha hung'oa injini, giaboksi na ekseli kutoka kwa Ford Escort iliyozeeka. Gari hilo liliitwa Locost, jina linalochezea neno la Kiingereza la "gharama ndogo" na kufanana na Lotus. Wachache walitimiza kweli bajeti ya pauni 250, lakini maelfu walijaribu, na 750 Motor Club, kile chama cha zama za Austin 7, kikaanzisha mbio zake mwishoni mwa miaka ya 1990. Tofauti na kununua vipande vya kiwandani, hapa uchomeleaji ni wa mtu mwenyewe, na kiungo kilichochomelewa juujuu huonekana kizuri mpaka siku kinapoachia.

Nje ya Uingereza

Magari yanayofuata umbo la Seven yametengenezwa Uholanzi na kampuni ya Donkervoort tangu 1978, na Afrika Kusini na kampuni ya Birkin tangu miaka ya 1980. Marekani, kampuni ya Factory Five Racing ya jimbo la Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1995, huuza vipande vya kuunda gari linalofanana na Cobra ya miaka ya 1960, kwa kutumia injini na ekseli za Ford Mustang iliyotumika. Ilitoa pia toleo la mbio lenye kizimba kamili, ambalo wamiliki wake walishindana wao kwa wao chini ya kanuni moja. Mustang iliyogongwa upande, isiyofaa tena barabarani, hugharimu kidogo na hutoa karibu kila kitu kinachohitajika chini ya bodi mpya.